Feni Sita za Nasiba

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Gasana, kapita wetu, yaani msimamizi wa jengo, alitutawanya asubuhi mapema kama kuku. Kibarua asiyefanya kazi halipwi, kwa hiyo nilirudi nyumbani nimelowa na nimenuna. Mimi ni yede: nabeba mchanga na maji, nachanganya saruji, halafu sifa anapata fundi mwashi. Nilizaliwa Kalemie, mbali huko kusini kwenye Ziwa Tanganyika, nikasoma mpaka darasa la tano. Hapa Kamembe, mpakani, ng'ambo ya Bukavu, nimepanga chumba kimoja uani kwa Mzee Kamali, fundi cherehani. Shajara hii ni ya mwaka jana. Nasiba, binti yake, alipewa na benki na hakuiandika hata ukurasa. Leo amenipa, akaniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake: "Yaya Védas, ukifua unaongea peke yako. Bora uandike."

Basi naandika: naichukia mvua.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua tena. Lakini leo sikulala. Nasiba aliniomba nimsaidie kubeba boksi lake kutoka kituo cha mabasi, limekuja kutoka Kigali. Nilijitwisha kichwani juu ya ngata, yeye akinifuata na mwavuli akilifunika boksi, si mimi.

"Polepole, Yaya! Ndani kuna kioo!"

Mwanamke mmoja wa ndizi akaniuliza, "Mama, hiyo ni televisheni?"

"Ni mtoto wa huyu," nikamjibu, nikimwonyesha Nasiba kwa kidevu. Sokoni walicheka mpaka Nasiba akajificha nyuma ya mwavuli.

Nasiba anapiga picha za harusi na kukata filamu zake. Kazi anaifanyia chumba cha mbele, kile chenye dirisha kubwa barabarani. Kompyuta yake ya zamani ilikufa Januari, na sasa anaunda nyingine mwenyewe, kipande kwa kipande, kama mtu anayejenga nyumba akiwa anaishi ndani yake. Leo limekuja kasha lenye ubavu wa kioo, na feni tano zenye taa ndani ya mapanga. Feni ya sita ameing'oa kwenye kompyuta iliyoharibika ya rafiki yake. Ni kuukuu, plastiki yake imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na mkia wake mmoja wa waya umefungwa plasta ya kidonda. Tumeiita Bibi.

Nikauliza, "Feni sita za nini? Kamembe kuna joto gani?"

"Ikikata filamu inachemka kama sufuria."

"Na taa?"

"Taa ni za watu, Yaya."

Akanieleza. Yupo binti anaitwa Uwamwezi, baba yake ni mfanyabiashara wa mchele huko Muganza. Anaolewa tarehe 23 Mei. Rangi zake ni zambarau na dhahabu, na anataka kila kitu kilicho mbele ya wageni kiwe na rangi hizo: mapambo, keki, hata mashine itakayoonyesha filamu ukumbini. Aliona mashine kama hiyo kwenye harusi ya Bukavu. Amewaambia wapiga picha wote wa wilaya: "Atakayewasha feni zake zote kwa rangi yangu, kwa pamoja kama kitu kimoja, ndiye atakayenipiga picha."

Na hapa ndipo roho ya Nasiba ilipo. Mzee Kamali amemwambia, "Mvua za masika zikikatika na chumba changu cha mbele hakijaleta harusi ya maana, Ridhwani ataweka magodoro yake." Ridhwani ni binamu yake Nasiba, anauza magodoro, na duka lake limemjaa.

Jumapili, 8 Machi

Kanisani. Mchana nimelala kama gunia.

Jumatano, 11 Machi

Leo nimeona maajabu. Nasiba alimaliza kufunga vyuma vyote kabla ya futari, na adhana ilipolia akatuita. Tulisimama mlangoni: mimi, Mzee Kamali na tepu yake shingoni, Ridhwani na kikombe cha uji. Akabonyeza.

Yesu wangu! Chumba kiligeuka. Nilipiga kelele bila kujijua. Sijawahi kuona rangi zikikimbia hivyo ndani ya kioo. Lakini macho yalipozoea, nikaona kasoro. Feni tatu za mbele zilikuwa zinabadilika kijani, njano, pinki, haraka haraka. Tatu nyingine, Bibi akiwemo, zimekaa nyekundu tu kama zimekasirika.

Mzee Kamali akauliza, "Hii ni kompyuta au ni baa?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Mwezi mtukufu huu."

Ridhwani akanywa uji wake, akasema, "Binamu, hizo feni hazisalimiani."

Nasiba alizima. Alikula futari bila kuinua macho.

Jumamosi, 14 Machi

Jua, kazi. Niliporudi nilikuta godoro moja limesimamishwa kwenye ukuta wa chumba cha mbele. Ridhwani anasema linapita tu.

Jumanne, 17 Machi

Mvua imetufukuza saa sita. Nilikaa na Nasiba nikimshikia tochi, akanionyesha. Kila feni ina nyaya mbili: moja nene ya kuizungusha, nyingine nyembamba ya taa. Feni tatu za mbele taa zao zilikuwa zimechomekwa kwenye kisanduku kidogo chenye rimoti. Tatu nyingine zimechomekwa kwenye ubao mama, bodi kuu ya kompyuta.

Nikacheka. "Kumbe hizi zina kapita wawili! Mwaka jana jengo letu lilikuwa na kapita wawili. Mmoja anasema leta mchanga, mwingine anasema leta mawe. Ukuta ulisimama kama mlevi."

"Ndiyo hivyo hivyo, Yaya."

Akang'oa kile kisanduku. Akasema waya wa taa una vichwa viwili, kimoja cha kupokea na kimoja cha kutoa. Feni ya kwanza inapokea neno kutoka ubao mama, inalipitisha kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, mpaka mwisho. Alinionyesha mshale mdogo kwenye plagi: ukikosea upande, neno haliingii. Na tundu la kuchomeka lazima liwe lile la meno matatu. La meno manne lina umeme mkali, linaunguza taa. Alichomeka akisoma bismillahi kila plagi. Bibi alikuwa wa mwisho, kwa sababu waya wake ulifika hapo tu.

Akabonyeza. Zote sita zikawa buluu.

Zote! Kwa mara moja! Akagusa kitu kwenye kioo cha kompyuta, zikawa zambarau. Nilimrukia tukazunguka chumbani, tukaliangusha lile godoro. Mzee Kamali alikuja mbio na pini mdomoni akidhani nyumba inaanguka. Alitazama kidogo, akatoa pini, akasema, "Hm," akarudi kwenye cherehani.

Kitu kimoja tu kilitusumbua. Bibi aliwaka, lakini rangi yake imechujuka, kama kitenge kilichofuliwa miaka. Mwisho pale, peke yake, alionekana mgonjwa.

Hapo mimi nikatoa shauri. Siku ya kumwaga zege tunajipanga mstari kutoka chini hadi juu ya jengo, tunapitishiana makarai ya zege mkono kwa mkono. Tunauita sheni. Muntu dhaifu hawekwi mwisho wala mwanzo. Anawekwa katikati ya wawili wenye nguvu, wanamchukua. Kila jengo nililofanya kazi, hapa na Kalemie, ni hivyo.

Nasiba akasema, "Ina maana. Labda atapata nguvu kwa wenzake."

Tutamhamisha baada ya Idi.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Mama yake Nasiba amenipa pilau sahani mbili. Kilo moja ya nyama nimeila mimi.

Jumanne, 24 Machi

Tumemhamisha Bibi. Kazi ya saa nyingi: kufungua kasha, kumtoa, kumweka nafasi ya tatu, kufunga nyaya zote upya na kuzibana vizuri zisionekane. Nasiba alikata vibanio kwa meno kama anayekata uzi.

Akabonyeza. Ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka. Bibi akawaka, hafifu vile vile. Tatu baada yake: giza. Zinazunguka, lakini hazina hata cheche.

Tulibonyeza tena na tena. Nasiba alikaa chini kwenye sakafu.

Jumatano, 25 Machi

Nasiba alimpigia simu muuzaji wa Kigali. Anafikiri umeme wa tundu moja hautoshi feni sita. Zile siku za kwanza ziliwaka kwa dakika chache tu, labda zilikuwa zinajikaza. Atatuma kitovu, kijisanduku cha kugawia umeme. Kinakuja na basi.

Magodoro sasa ni manne. Ridhwani anasema yanapita tu. Nilimwambia, "Hayo magodoro yako yana miguu ya kuingia, ya kutoka yameiacha wapi?"

Simpendi Ridhwani.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua kubwa. Wanasema mlima umemomonyoka huko msitu wa Nyungwe, barabara ya Kigali imefungwa. Kitovu hakijaja.

Ajabu: leo wenzangu jengoni waliilaani mvua na mimi nilinyamaza. Mvua ikiendelea, chumba bado ni cha Nasiba.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu. Bega la kulia linaniuma mpaka kwenye sikio. Sijamwambia Gasana.

Jumanne, 7 Aprili

Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari imeanza. Hakuna muziki, hakuna harusi. Nasiba amefunika mashine kwa kanga.

Jumanne, 14 Aprili

Barabara imefunguliwa, kitovu hakikuwemo ndani ya basi. Muuzaji anasema amekituma. Dereva anasema hakupewa. Nasiba ameanza kusema "labda" katika kila sentensi. Labda ubao mama umeungua. Labda harusi apewe mwingine. Labda Baba ana haki, magodoro yanauzika.

Na mimi ndiye niliyemwambia amhamishe Bibi. Hajanilaumu hata mara moja. Ingekuwa rahisi kama angenilaumu.

Jumatano, 22 Aprili

Naandika na vidole vya saruji, nisameheni.

Leo ilikuwa siku ya zege. Jengo lote, dari ya ghorofa ya kwanza, na wingu jeusi limekaa juu ya Bukavu likitutazama. Zege likishaanza kumwagwa halisimami. Likisimama dari linapata ufa. Gasana alipanda juu ya pipa.

"Bantu bote kwa sheni! Mvua inakuya! Mwenye kuangusha karai atanunulia bote mandazi!"

"Na kapita akianguka kwa pipa?" akauliza Niyonsaba.

"Kapita haanguke. Kapita anashuka."

Niyonsaba ni mwanamke mkubwa kutoka Rwimbogo, anabeba mfuko wa saruji kama anabeba mtoto wa jirani. Aliniona nikishika bega. Akaita, "Kapita! Védas iko na bega mubaya!"

Nilitaka kumpiga. Kibarua mwenye bega bovu ni kibarua wa kurudishwa nyumbani. Lakini Gasana alinitazama tu, akasema, "Védas katikati ya majitu." Wakaniweka kati ya Niyonsaba na Ndizeye, ambaye zamani alikuwa akipakia malori ya saruji Muganza na mikono yake ni mirefu kama ngazi.

Tukaanza. Makarai yakaja. La kwanza, la pili, halafu nikaacha kuhesabu. Kila karai likifika, nilijiandaa kwa maumivu, na maumivu hayakuja. Nilidhani bega limepona. Karibu na mchana ndipo nilipotazama vizuri. Niliweka mikono yangu chini ya karai, ndiyo. Lakini Niyonsaba hakuliachia. Alilinyoosha mpaka mbele ya kifua changu, na Ndizeye alikuwa tayari ameinama ng'ambo yangu amelishika. Karai lilipita kutoka kwa Niyonsaba kwenda kwa Ndizeye. Mimi nililigusa kwa heshima tu.

"Weye Ndizeye," nikamwambia, "unaniibia kazi."

"Nyamaza, maman. Imba."

Hapo nikasimama. Kweli nilisimama, karai likanigonga tumboni, Niyonsaba akanitukana kwa lugha ya kwao. Maana niliiona mashine ya Nasiba mbele yangu kama naigusa. Dhaifu anakaa katikati kwa sababu majirani zake wana mikono ya kumvuka! Feni haina mikono. Feni ya nne haiwezi kuinama ng'ambo ya Bibi na kulichukua neno kwa ya pili. Inangoja Bibi aseme. Kama Bibi hasemi, ya nne, ya tano na ya sita zitangoja mpaka kiama. Shauri langu lilikuwa jema kwa watu, na mimi nimewapa feni shauri la watu.

Dari lilikwisha, tukalifunika maturubai, na tone la kwanza likaanguka. Sikunawa. Nilikimbia kutoka jengoni mpaka nyumbani, mvua ikiniosha saruji njiani. Mzee Kamali alinizuia mlangoni, "Védastine! Unakwenda wapi na matope hayo?"

"Kwa Bibi!"

"Bibi yupi? Mama yangu alishafariki!"

Nilimpita. Nasiba alikuwa amekaa juu ya magodoro. Nikamwambia, nikihema, "Mruke Bibi. Waya wa ya pili mpe ya nne. Mruke!"

Hakuniuliza kwa nini. Alichukua mkasi akakata vile vibanio vyote. Nikamshikia tochi kwa mkono wa kushoto. Akang'oa, akachomeka, bismillahi, akabonyeza.

Tano zikawaka. Bibi peke yake akakaa gizani, akizunguka.

Halafu Nasiba akamrudisha Bibi mahali pake pa mwanzo, kule nyuma, akauunga waya wake mwisho wa mstari. Sita.

Tulilia. Sioni aibu kuandika. Tulilia na kucheka, na nywele zangu zilikuwa zinadondosha maji ya saruji kwenye zulia. Kisha Nasiba akambandua Bibi ile plasta ya mkia wa kutolea, na ndani tukaona waya mmoja, mwembamba kama unywele, umekatika.

"Anasikia vizuri kabisa," akasema Nasiba. "Hawezi kusema tu."

"Angekuwa Ridhwani, ingekuwa kinyume."

Ridhwani alikuwa mlangoni. Alisema, "Nimesikia." Lakini alikuwa anatabasamu, na alikuwa anazitazama zile taa kwa muda mrefu kuliko mtu aliyekuja kuhesabu magodoro.

Alhamisi, 23 Aprili

Bega limevimba. Gasana amenipa siku mbili nichote maji tu. Nilidhani ni mtu mkavu. Sijui tena.

Jumamosi, 2 Mei

Uwamwezi amekuja mwenyewe kutoka Muganza, na shangazi yake, na kipande cha kitambaa cha dhahabu mkononi. Ni binti mfupi, mkali wa macho. Nasiba aliwasha zambarau. Shangazi akapiga makofi. Uwamwezi hakupiga.

"Na dhahabu?"

Nasiba akaweka dhahabu. Uwamwezi akainama, akaweka kitambaa kwenye kioo, akakunja pua.

"Hii si dhahabu. Hii ni manjano ya jerikeni."

Nilitaka kucheka, maana ni kweli. Nasiba alibadilisha, ikawa rangi ya chungwa. Akabadilisha, ikawa ndizi mbivu. Shangazi alianza kushika mkoba wake. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama mashine ya kuchanganyia zege.

Ndipo Uwamwezi akaonyesha kwa kidole. "Hii hapa. Hii ya nyuma. Hii ndiyo yangu."

Alikuwa anamwonyesha Bibi. Ile plastiki yake iliyochakaa, rangi ya chai, ilikuwa imeifanya manjano iwe dhahabu ya kweli, dhahabu ya pete ya mama mtu mzima.

"Mnaweza kufanya zote kama hii?"

Nasiba alinitazama. Nikasema, kabla hajaogopa, "Sheni inakwenda kwa mwendo wa aliyechoka, Nasiba. Wale watano wapunguze."

Akakaa kwenye kiti, akaanza kupunguza mwanga wa zile tano, kidogo kidogo, akiongeza wekundu chembe, akitoa ukali chembe. Mara tano zinapita, mara zinabaki nyuma. Halafu ghafla sikuweza tena kumwona Bibi. Nilimtafuta na sikumpata. Sita zote zilikuwa moja.

Uwamwezi akaweka kitambaa kwenye kioo, na kitambaa kikapotea.

"Siku ya harusi mtakuja asubuhi," akasema. "Na mtavaa vizuri."

Jumatano, 6 Mei

Nasiba amemwambia baba yake: harusi ni yetu. Mzee Kamali akajibu, "Harusi inaletwa ikishafanyika. Ahadi nami ninazo nyingi, za watu wanaosema watakuja kuchukua suti." Kumbe yeye pia anashona makoti ya wasimamizi wa bwana harusi yule yule. Ananyamaza tu.

Jumapili, 10 Mei

Jua.

Jumanne, 12 Mei

Jua. Vumbi limeanza barabarani. Wenzangu wanafurahi, kazi kila siku, mfuko umejaa. Mimi natazama mbingu kama mtu aliyeibiwa.

Jumamosi, 16 Mei

Jua, na hakuna wingu hata la kufutia uso. Asubuhi Mzee Kamali alisimama uani, mikono nyuma, kichwa juu.

"Masika yamekwisha."

"Bado, Baba," akasema Nasiba. "Kuna wingu lile pale."

"Lile ni moshi wa jikoni kwa jirani."

"Mzee," nikasema, "Kalemie mvua hupumzika hivi, halafu hurudi."

"Kalemie," akasema Mzee Kamali, "ni Kalemie." Lakini hakusema Ridhwani alete magodoro yaliyobaki. Akasema, "Tutazame wiki hii," akarudi kushona.

Nimeomba mvua. Mimi, yede, nimepiga magoti nikaomba mvua. Gasana akijua atanifukuza.

Jumanne, 19 Mei

Jua.

Alhamisi, 21 Mei

Mawingu. Hayakudondosha kitu.

Jumapili, 24 Mei

Sasa naweza kuandika ya jana.

Niliamshwa na bati. Mvua, tena si mvua, ni mto uliosimama wima. Nilitoka uani peku nikicheza. Nasiba alitoka akiwa na vipini vya nywele mdomoni, tukakumbatiana kwenye maji. Mzee Kamali alitutazama kutoka dirishani, akafunga pazia.

Furaha ikaisha tulipokumbuka barabara. Kasha lina kioo ubavuni, na njia ya kushuka Muganza, malori ya saruji yakishaichimba na mvua ikaijaza, inaruka kama punda. Pikapu tuliyokodi ilikuwa na sakafu ya chuma tupu. Nasiba alisimama na mashine mikononi kama aliyebeba mgonjwa asiyepokelewa.

Ridhwani akatoka chumba cha mbele na godoro kichwani. Jipya, bado limo kwenye karatasi. Akalitupa nyuma ya pikapu, akapasua karatasi yake kwa kisu, akatandika.

"Ridhwani, litaharibika," nikamwambia. "Matope yote haya."

"Dada Védas, nauza magodoro. Najua yanafanya kazi gani." Akachukua la pili akalikunja ubavuni mwa kasha, akafunika turubai. "Kaeni juu yake mlishike. Na msiseme kwa Mjomba."

Nilikaa juu ya godoro mpaka Muganza, nimeikumbatia mashine, maji yananiingia shingoni, na nilimwona Ridhwani kwa macho mengine.

Ukumbi ulijaa. Zambarau kila mahali. Tuliweka mashine juu ya meza mbele, nikafuta kioo kwa upindo wa kitenge changu kizuri. Nasiba akawasha. Zambarau, halafu dhahabu ikaingia kwa ya kwanza, ikapita kwa ya pili, ikaenda mpaka kwa Bibi, kisha zambarau ikafuata nyuma yake. Watoto walikaa chini mbele yake kama mbele ya sinema. Mzee Kamali alikuwa nyuma ya ukumbi, akinyoosha koti la msimamizi kwa mkono.

Maharusi waliingia. Filamu ikaanza ukutani: Uwamwezi asubuhi ile ile, kama Nasiba alivyompiga tulipofika, akicheka na mama yake. Ndipo radi ikapiga na umeme ukakatika.

Giza. Watu "aaah". Mtu akawasha jenereta nje, taa za ukumbi zikarudi, mashine ikaamka. Na feni zikaamka na rangi zote za ovyo: kijani, pinki, buluu, zinakimbizana kama siku ile ya baa. Shangazi wa Uwamwezi akageuka kututazama. Mpiga picha mmoja wa Kamembe, aliyekuja kama mgeni, akacheka kwa sauti ili asikike.

"Nasiba," nikanong'ona.

"Programu haijaamka. Inaamka mwisho. Ngoja."

"Ngoja mpaka lini?"

"Yaya, ngoja!"

Uwamwezi alisimama katikati ya ukumbi, mkono kwenye mkono wa mumewe, macho yake makali kwenye meza yetu. Hakupiga hatua. Ukumbi mzima ulingoja naye.

Halafu feni ya kwanza ikawa zambarau. Ya pili. Ya tatu. Ilienda bila haraka, mmoja akimwambia mwenzake, ya nne, ya tano, Bibi. Na kutoka ya kwanza dhahabu ikaanza safari. Vigelegele! Wamama wa mpunga wa Muganza wana vifua, nawaambieni. Watu walidhani tumepanga hivyo. Uwamwezi akaanza kutembea kwa mwendo wa zile taa, hatua kwa rangi, na mpiga muziki akampunguzia wimbo umfuate.

Nilitazama nyuma. Mzee Kamali alikuwa amesahau kuliachia koti. Msimamizi alikuwa anavutwa.

Jumatatu, 25 Mei

Jengo. Gasana ameniuliza bega, nikamwambia ukweli. Amesema zege lijalo nitakaa mwisho wa sheni, juu, napokea na kumwaga, sipitishi. "Kumwaga ni kazi ya muntu mwenye akili," akasema, akaenda zake.

Jumatano, 27 Mei

Idi ya kuchinja. Mbingu safi, bila hata moshi wa jirani. Masika yamekwisha, hilo sasa hakuna wa kubisha.

Baada ya sala nilimkuta Ridhwani akitoa magodoro chumba cha mbele, moja moja, akiyapakia kwenye mkokoteni. Moja hakulipakia. Lilikuwa lile la pikapu, lenye ramani ya matope. Alilileta mpaka mlangoni kwangu.

"Hili haliuziki tena. Laza hilo bega."

Nikamtania tu, "Linapita tu?"

"Hapana. Hili limefika."

Mzee Kamali alikuwa amesimama chumbani kule kulikobaki tupu, kanzu mpya, mikono nyuma. Nasiba alikuwa kwenye kiti chake, hathubutu kuuliza. Barabarani watu walikuwa wanapita na nguo za sikukuu, wengine wakichungulia dirishani kuiona ile mashine ya Muganza. Mzee aliwatazama, akaitazama mashine, akakohoa.

"Hizo taa," akasema, "zinajua kijani?"

"Zinajua, Baba."

"Si kijani cha baa. Kijani cha msikiti."

Nasiba alikaa akaanza kutafuta. Mzee akavuta kigoda, akakaa nyuma ya bega lake, akaanza kuamuru kama anayechagua kitambaa: hapana, ukali, hapana, hicho ni cha majani ya chai, punguza, binti yangu, punguza, mfuate yule wa mwisho.